Kifyonza changarawe kwa tangi la samaki la lita 70: nichague kipi?

Mwenye Tangi, Ngamiani

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina tangi la kioo sebuleni, hapa Ngamiani, Tanga, lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 40, yaani kama lita 70 likijaa. Chini nimetandaza changarawe ya kina cha sentimita 4, na samaki wangu ni gapi ambao wamekwisha kuzaa. Kila nikiichokoa changarawe, wingu la kahawia hupanda na maji hubaki machafu hadi jioni. Nimeonyeshwa vifyonza vya aina tatu: cha betri, ambacho huvuta maji, huyachuja kwa kimfuko na kuyarudisha tangini, kile kinachofungwa kwenye bomba la jikoni, na kile cha kawaida, chenye mdomo mpana wa plastiki na mpira mrefu, bila mashine yoyote. Muuzaji alikisifu zaidi cha betri. Je, kipi kinafaa, na nitafute mpira wa kipimo gani?

Mfugaji wa Raskazone

Ndugu mleta mada, chukua cha kawaida. Cha betri hunasa uchafu unaoonekana kwa macho, lakini maji ni yale yale, na naitreti (zao la mwisho la kuoza kwa kinyesi na mabaki ya chakula) iliyoyeyuka ndani yake hairudi nyuma hata kidogo. Njia ya uhakika ya kuipunguza ni kutoa maji na kuweka mapya, na kifyonza cha kawaida hufanya kazi zote mbili kwa mkupuo mmoja. Kile cha bomba la jikoni kinategemea msukumo wa maji ya bomba ili kivute. Msukumo ukiwa hafifu hakivuti, na hata ukiwa mzuri, maji safi mengi hupotea kwenye sinki.

Sasa tuje kwenye vipimo, kwa sababu hapa ndipo wengi hununua kwa kutazama tangi badala ya kutazama ndoo. Robo ya maji yako ni kama lita 17, na hizo ndizo unazoruhusiwa kutoa kwa usafishaji mmoja wa kawaida. Mpira ukiwa mnene, ndoo ya lita 20 itakaribia kujaa kabla hujafika katikati ya sakafu ya tangi, nawe utalazimika kuacha. Mpira wa kipenyo cha milimita 16 una uwazi wa zaidi ya mara mbili na nusu ya ule wa milimita 10, kwa hiyo kwa tangi lako tafuta wa milimita 10, wenye mdomo wa milimita 40 hivi. Uwiano huo una maana yake: kipenyo cha mdomo ni mara 4 ya mpira, lakini uwazi wake ni mara 16, hivyo maji hupanda ndani ya mdomo polepole mara 16 kuliko yanavyokimbia mpirani. Utaona changarawe ikiruka, ikijigeuza na kuanguka tena kwa uzito wake, huku uchafu mwepesi ukiendelea kupanda. Mdomo ukiwa mwembamba mno, changarawe nayo itaingia mpirani na kuuziba.

Chagua chenye kibofu cha mpira cha kuminya ili kuanzisha mkondo. Usivute kwa kinywa. Maji ya tangi yana vijidudu ambavyo havifai kumezwa.

Mtu wa Kigoma, sasa Tanga

Naunga mkono, ila naongeza jambo kwa wenye mchanga, maana mimi hufuga samaki wa Ziwa Tanganyika, na baadhi yao huchimba mchanga kutwa nzima. Kwenye mchanga mdomo hauzamishwi. Unashikwa sentimita 1 au 2 juu yake, nao uchafu, ambao hukaa juu, hunyanyuka peke yake. Tena, yeyote anayefikiria kuchota mchanga mweupe wa ufukweni ajue kwamba una vipande vingi vya matumbawe na makombe, ambavyo hupandisha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji (ikipanda, uchachu hupungua). Samaki wa Tanganyika wamezoea pH ya karibu 9, lakini kwa samaki wa maji laini, yaani yenye madini machache, ni hatari, na amonia inayotokana na uchafu huzidi kuwa sumu kadiri pH na joto vinavyopanda.

Mwenye Tangi, Ngamiani

Nawashukuru sana. Nina maswali mawili: je, nisafishe changarawe yote siku moja? Na vifaranga vya gapi, ambavyo hujificha chini kabisa, nivikinge vipi?

Mfugaji wa Raskazone

Safisha nusu ya sakafu wiki hii na nusu nyingine wiki ijayo. Bakteria wanaobadilisha amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti huishi juu ya changarawe na ndani ya chujio, kwa hiyo usioshe chujio siku ile ile unayofyonza. Ama vifaranga, funga kipande cha chandarua mahali mdomo unapokutana na mpira, kisha ichunguze ndoo kwenye mwanga kabla ya kumwaga. Maji hayo yafaa sana kwa bustani.

Fundi wa Chumbageni

Ukikosa dukani, chukua chupa ya maji ya nusu lita, kata kitako, kisha chomeka mpira kwenye shingo yake na uukaze. Ncha ya mpira ikiwa chini kuliko usawa wa maji ya tangi, mkondo utashuka wenyewe. Zingatia pia maji ya kurudishia: ya bomba yana klorini, basi yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24 hivi au utumie dawa ya kuiondoa, na kama yanatoka kwenye simtanki la juani, chota asubuhi, maana ya alasiri huwa ya moto. Gusa ndoo, gusa tangi. Joto likitofautiana, subiri.