Muziki wa gemu: unasimulia au unapamba tu?

Mleta mada (Kampala): Wanajamvi, tuvutane kidogo. Nikitaja muziki wa gemu kwa vijana wa hapa, jibu ni lilelile: "Baba Yetu". Christopher Tin, gemu ya Civilization IV ya 2005, Sala ya Bwana kwa Kiswahili, tuzo ya muziki ya Grammy mwaka 2011, wa kwanza kati ya tungo za gemu kuipata. Najivuna kama ninyi. Lakini wimbo ule unapigwa kwenye ukurasa wa kuanzia, kabla hujajenga hata kibanda kimoja. Ukiutoa pale ukaupeleka kwaya ya kanisani, haupungukiwi kitu. Ni wimbo mzuri, si usimulizi.

Usimulizi ni Space Invaders, gemu ya 1978 ya kupiga maadui wa angani. Noti nne za besi zinashuka na kujirudia. Kadiri maadui wanavyokukaribia ndivyo zinavyokwenda mbio, na moyo wako nyuma yake. Muziki wa gemu unasimulia pale tu unapojibu alichofanya mchezaji. Anayebandika ngoma yoyote nyuma ya picha ili gemu "isikike Kiganda" anapoteza umeme. Nipingeni.

Mwenye kibanda cha gemu (Bwaise): Nakupinga ssebo. Wateja wangu wanacheza mpira tu, nje boda zinapiga honi, ndani wanabishana. Sauti ya TV nimeipunguza mwenyewe maana jirani hapendi kelele. Hajatokea aliyeniuliza muziki uko wapi. Mnasimulia kwa nani?

Mpiga amadinda: Mleta mada, umefika mlangoni ukasahau kubisha. Amadinda, marimba ya mbao ya Buganda, ina vibao 12. Wawili wanakaa wakitazamana: omunazi anaanza, omwawuzi anachomeka mapigo yake katikati ya yale ya mwenzake. Wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili tu, vile vidogo vya mwisho. Wakishika kasi, sikio linaacha kuwafuata wao, linaanza kufuata nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga. Zinazaliwa katikati yao.

Sasa tia hiyo kwenye gemu. Mtoto anatembea peke yake: omunazi tu, wimbo una mapengo. Anakutana na ndugu yake aliyepotea: omwawuzi anaingia, na papo hapo panatokea wimbo ambao hakuna aliyekuwa nao. Wakitenganishwa, mtoe mmoja. Programu kama FMOD kazi yake ndiyo hiyo, kuingiza na kutoa tabaka za muziki mchezo ukiendelea. Maandishi ya kueleza kwamba "amefurahi" ya nini?

Mchangiaji wa Arua: Tamu, ila umeruka kitu. Baganda husikia hata maneno ndani ya mapigo hayo, kwa kuwa lugha yao, Luganda, ina toni (sauti kupanda au kushuka hubadili maana) na nyimbo zao huzifuata. Mimi mtu wa West Nile nasikia mbao. Nipigie adungu, kinubi cha kwetu, ndipo utaniona nimeinua kichwa. Hadithi basi iko kwenye sikio, haiko kwenye ala. Tena amadinda ilipigwa ikulu kwa Kabaka, mfalme wa Buganda. Lubiri, ikulu hiyo ya Mengo, iliposhambuliwa Mei 1966, wapigaji wa ikulu walitawanyika. Pale ulipokusudia ndugu wakutane, mzee wa Mengo anaweza kusikia msiba.

Mpiga amadinda: Pengo halihitaji Luganda, kaka. Hata wewe ungelisikia.

Mleta mada: Wa Arua amenibana. Lakini kuna gemu ya Journey, 2012, muziki wa Austin Wintory. Selo, ala ya nyuzi yenye sauti nzito, ndiyo msafiri mwenyewe: inaanza pweke, ala nyingine zinaongezeka njia inavyosonga. Sikuzaliwa na selo nyumbani, ila niliielewa. Kwa hiyo sikio linaweza kufundishwa ndani ya mchezo wenyewe. "Baba Yetu" bado siikubali.

Dada wa Jinja: Basi usiikubali, ila nisikilize. Mimi nilikua nikijua Kiswahili ni lugha ya askari. Ukikisikia usiku, unazima taa. Mama alikuwa akitukataza hata kukitania. Siku moja kwa binamu yangu, kompyuta inafunguka, kwaya nzima inaimba kwa lugha ileile, na inasali. Nilikaa pale kwenye ukurasa wa kuanzia, sikubofya kitu, mpaka binamu akanyang'anya kipanya. Unasema wimbo hausimulii kwa sababu mchezaji hajafanya lolote. Mimi nilikuwa nimeshafanya: nilikuwa nimeiogopa lugha ile miaka kumi na mitano. Gemu haikujua. Muziki ulinikuta nayo.

Mleta mada: Hapo sina jibu, dada. Ila Tin hakukutungia wewe.

Dada wa Jinja: Na aliyeitunga Space Invaders alikutungia wewe?

Mwenye kibanda cha gemu (Bwaise): Haya, ile ya ndugu wawili mkiitengeneza ileteni Bwaise. Jumatatu, siku isiyo na mechi. Sauti nitaongeza, jirani nitamnunulia soda.