Naombeni ushauri: niuze nyumba Tandale nikajenge Chanika?

MtotoWaUswazi: Habarini wakuu. Kuna nyumba ya vyumba sita Tandale, uchochoroni, bajaji haifiki, mvua ikinyesha choo kinafurika hadi barazani. Mtu anaitaka kwa milioni 38. Nachukua kiwanja kilichopimwa Chanika, najenga mdogomdogo, wanangu wakulie mbali na uswazi. Mimi ni winga Kariakoo, natafutia maduka wateja. Niuze? Usingizi sipati.

KinyoziMstaafu: Chanika hewa safi mkuu. Nilifuga kuku 200 wa kienyeji, kideri kikapita wakabaki 11. Ukihamia, chanja mapema.

MamaWatatu: Uswazi haumharibu mtoto. Malezi ndiyo yanamharibu.

MzeeWaBonde: Sisi wa Jangwani baada ya mafuriko ya Desemba 2011 tulipelekwa Mabwepande. Kiwanja nilipata, ila kibarua changu kilikuwa sokoni alfajiri. Nauli ilinila nikabaki mifupa. Mwaka haujaisha nimepanga chumba Magomeni. Wewe hapo Tandale unatembea kwa miguu hadi Kariakoo, hiyo ni hela ambayo huihesabu.

Karani_77: Ina hati au leseni ya makazi? Kwa jina la nani?

MtotoWaUswazi: Leseni ya makazi.

Karani_77: Na jina?

MtotoWaUswazi: La marehemu baba. Mirathi hatujafungua. Mama yupo hapo na wadogo zangu wawili, anauza vitumbua barazani. Ila mkubwa ni mimi, na kile choo nilikijenga kwa hela yangu.

MamaWatatu: Choo hichohicho kinachofurika?

Karani_77: Bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama huna cha kuuza. Anzeni kikao cha ukoo, kisha Mahakama ya Mwanzo. Mnunuzi anajua?

MtotoWaUswazi: Ameshatanguliza milioni 5. Tatu nimelipia kiwanja. Msinihukumu jamani, pale nimezaliwa, nimeoa, na bado naoga kwa zamu na wapangaji. Nisubiri mpaka lini?

MamaWatatu: Mama yako je, anajua?

MtotoWaUswazi: Nitamwambia tukishahama.

MamaWatatu: Na vitumbua atamuuzia nani huko, kuku wa Kinyozi?

DerevaToyo: Nanusa chai, stori ya kutunga hii. Mwezi jana kwenye uzi wa ng'ombe ulisema mzee wako yuko Singida, anakudai mbuzi.

MtotoWaUswazi: Yule ni baba mdogo.

DerevaToyo: Uliandika "aliyenizaa".

KinyoziMstaafu: Chai imeiva, vitumbua vipo barazani. Karibuni.

Karani_77: Iwe chai iwe uji, kama kuna milioni 5 ya mtu, irudi kabla hajaenda polisi.

MtotoWaUswazi: Ndiyo maana nimeuliza niuze au nisiuze. Mbona hamjibu swali?

MpangajiChanika: Mleta mada, kama bado hujauza, hapo kuna chumba wazi? Nafanya kazi Kariakoo, naamka saa tisa usiku. Hata cha karibu na choo nachukua.