Naomba ushauri: vitu vya nyumbani vya kufanyia mazoezi ya kukata kwa upanga
Ndugu zangu, ninajifunza kukata kwa upanga wa Kijapani, na kwa kuwa mikeka ya tatami inayoviringishwa na kulowekwa kwa zoezi hilo, liitwalo tameshigiri, ni adimu kwangu, natafuta mbadala miongoni mwa vitu vya nyumbani. Chupa laini za plastiki zilizojazwa maji zimenifaa, kwani makali yakiingia kwa pembe isiyo sahihi, chupa huruka badala ya kukatika. Mbao kavu, glasi na chuma nimeviepuka kabisa. Je, magazeti yaliyolowekwa yanafaa, au yataharibu makali? Na stendi ya kuwekea kitu cha kukatwa niitengenezeje ili isiyumbe, wala upanga usiigonge baada ya kupita? Watazamaji nao wasimame wapi?