Land Rover ukanda wa Tanga: waliomiliki, walioendesha na waliopanda tu, tupeane uzoefu

Kijana wa Chuda

Wakuu, salaam. Nipo Tanga mjini na wiki ya pili hii silali vizuri kwa sababu ya gari. Ni Land Rover 109 (ile ndefu), Series III (toleo la tatu) ya petroli, ipo kwenye banda la shamba la mkonge upande wa Pongwe. Imekaa humo miaka, kuku wametagia kwenye benchi la nyuma. Mwenye nayo anataka milioni 8 na nusu. Nilipomuuliza habari ya kutu alicheka, akapiga mlango ngumi: "Kijana, hii ni alumini. Land Rover haiozi."

Na mimi nimesoma kidogo, najua hilo la alumini si uongo. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na Jeep ya mabaki ya vita anayoifanyia kazi shambani kwake, kisiwa cha Anglesey huko Wales. Jeep imechoka, akaona kwa nini asiunde ya kwake. Chuma wakati huo kilikuwa cha mgao, alumini ya viwanda vya ndege ipo tele, basi bodi ikawa ya alumini. Tarehe 30 Aprili 1948 wakaionyesha Amsterdam. Hata ule ukijani uliopauka wa zile za mwanzo ni rangi ya jeshi iliyobaki. Yaani shida ya Mwingereza ndiyo ikawa raha ya mtu wa pwani.

Sasa nataka kusikia kwenu mlioishi nazo huku kwetu, kwenye chumvi na unyevu. Tafadhali asije mtu na "nunua Toyota", hiyo nimeshaambiwa na mke wangu.

Cruiser Damu

Nunua Toyota.

Dereva Mstaafu

Huu uzi nimesomewa na mjukuu wangu. Yeye anachapa, mimi nasema.

Nilianza kuendesha gari za serikali Muheza mwaka 1974. Ya kwanza kukabidhiwa ilikuwa Series IIA, zile za zamani ambazo taa zimekaa katikati, zimekaribiana kama macho ya bundi. Walikuja kuzihamishia kwenye mabawa mwishoni mwa miaka ya 60. Gia ya kwanza na ya pili hazina sinkro, kile kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia zisigongane. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia, unakanyaga tena, ndiyo unaingiza. Ukikosea, gea boksi inakutukana mbele ya abiria wako. Hiyo Series III unayoitaka wewe ina sinkro gia zote nne, kwa hiyo shukuru.

Njia yetu ilikuwa Muheza kwenda Amani. Mpaka Sigi unakwenda unapiga soga. Kutoka Sigi kupanda, soga zinaisha, ni kona juu ya kona na mizizi imekatisha barabarani. Siku moja ya masika nimepakia saruji, na niseme ukweli, nilizidisha. Tairi la nyuma likaingia kwenye mfereji wa tope. Badala ya kushuka nichimbe, nikapandisha moto nikaachia klachi kwa hasira. Nikasikia "ta!" chini yangu, kama mtu kavunja ukuni mkavu. Injini inanguruma, gari imesimama. Hafu shafti, ile fimbo inayozungusha tairi la nyuma, imekatika.

Nikavuta breki ya mkono, nikafungua mlango. Mguu mmoja uko chini, gari inaanza kurudi nyuma!

Hapa sikilizeni, maana vijana wengi hawalijui. Breki ya mkono ya Land Rover haishiki magurudumu. Ina dramu yake peke yake nyuma ya gea boksi, inashika propela shafti, ile fimbo ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Sasa hafu shafti imekatika huko kwenye ekseli, unashika nini? Unashika chuma kisichounganika na tairi. Utingo wangu, Mungu amrehemu, alikuwa ameshashuka na jiwe mkononi. Akalisukumia nyuma ya tairi, gari ikalalia jiwe, ikatulia. Upande wa pili lilikuwa bonde, na mto nausikia lakini siuoni.

Tukashusha saruji yote, tukaifunika kwa majani ya migomba. Nikarudi ndani nikavuta kirungu chekundu kuingiza gia nzito, zile za mwendo mdogo wenye nguvu. Kwenye zile gari ukivuta chekundu, ekseli ya mbele inaingia yenyewe. Ukitaka ya mbele ivute ukiwa kwenye gia nyepesi, unabonyeza kile cha njano. Ikatoka. Ikapanda mpaka Amani kwa miguu ya mbele, nyuma inaburuzwa kama mbwa aliyeteguka kiuno.

Asubuhi tulifungua boliti sita za kwenye habu (kitovu cha gurudumu), shafti tukaichomoa bila kutoa gurudumu. Kipande kilichobaki ndani ya difu (boksi la gia la kwenye ekseli) tulikinasa kwa kitanzi cha waya, kazi ya saa nzima nimelala kifudifudi. Tukatia nyingine. Saa nne tupo njiani kufuata saruji. Gari ambayo unaweza kuivunja mwenyewe na kuiunga mwenyewe chini ya mti, mimi siwezi kuisema vibaya.

Kijana wa Chuda

Shikamoo babu. Hilo la breki ya mkono limenitoa jasho hapa nilipo.

Bint Mlalo

Mimi sijawahi kumiliki hata pikipiki, lakini nimekulia ndani ya hizo gari, kwa hiyo nami nina haki ya kusema.

Siku ya soko, Land Rover inatoka Mlalo kwenda Lushoto alfajiri. Mabenchi mawili yanatazamana, magoti yenu yamepishana kama meno ya zipu, katikati matenga ya kabichi na karoti, juu ya kabichi mtoto, na mtoto huyo ni mimi. Ukungu umeshuka mpaka barabarani. Bati la juu linatonesha matone baridi shingoni, si mvua, ni pumzi zetu wenyewe. Mama alikuwa ananivalisha mfuko wa sukari kichwani. Harufu ya dizeli, vitunguu na masweta mabichi, mpaka leo nikiipata mahali natapika kidogo, halafu nakumbuka nyumbani.

Nikiwa Dar watu wakaniuliza kama naijua Range Rover. Nikawaambia ndugu yake mkubwa nimemtapikia.

Mtoto wa Raskazone

Jambo dogo la kuweka sawa, maana huku kwetu kila yenye umbo lile tunaiita Difenda kwa sababu ya zile za polisi. Jina Defender limeanza 1990. Kabla yake ni Series I mpaka III, halafu 1983 ikaja 110 na 1984 ikaja 90, hizo ndizo zilizoacha springi za majani na kufungwa za koili. Series III yenyewe ilitengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985. Defender ya umbo la zamani ya mwisho ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Hii mpya inaundwa Slovakia, na ni gari nyingine kabisa, haina hata chasisi ya chini ya kujitegemea.

Kampuni nayo imezunguka: BMW mwaka 1994, Ford 2000, na tangu 2008 iko kwa Tata wa India. Marehemu babu yangu aliyekuwa karani kwa Mwingereza angecheka mpaka alie.

Cruiser Damu

Historia nzuri. Lakini spea?

Pangani Kwetu

Spea za Tdi (injini za dizeli za Land Rover) zipo, tatizo ni feki. Nilinunua seti ya bushi (mipira ya viungo vya chini) kwenye duka moja, sitalitaja, miezi mitatu zikawa kama ubuyu uliomumunywa. Sasa naagiza kwa wanaonunua kwa kampuni za utalii Arusha. Huko gari hizi ni kama ng'ombe, kila mtu anazo na kila mtu anajua dawa yake.

Yangu ni 110 ya 300Tdi. Haina kompyuta hata moja, na dizeli inakula kwa adabu. Kisa changu ni cha aibu ila kina faida kwako Kijana, kwa sababu kinahusu hiyo "haiozi" yako.

Nilikuwa na kazi Ushongo, ng'ambo ya mto. Wavuvi na watu wa hoteli wakagundua gari inavuta, basi kila wiki naitwa kutoa boti majini. Narudi kinyumenyume mpaka maji yanafika kwenye habu, tunafunga kamba, natia gia nzito, boti inapanda mchangani. Nalipwa samaki. Nikimaliza naingia nalala, kesho kazini. Kuosha chini kwa maji baridi? Nani? Bodi inang'aa, mlango hauna hata doa, mimi roho nyeupe. Nimefanya hivyo mwaka na nusu.

Siku hiyo natoka Ushongo nawahi kivuko cha Bweni. Naona pantoni imeshaegesha, foleni imesimama, nakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka kwenye kapeti. Nikapiga tena mara mbili, kuna kitu kidogo kinashika mbele halafu kinaachia. Mbele yangu kuna bajaji, mbele ya bajaji kuna kina mama na madishi ya dagaa, mbele yao ni mto Pangani.

Nikashusha gia ya tatu, ya pili, ya kwanza, injini inapiga kelele kama inachinjwa, ndipo nikaanza kuvuta ile breki ya mkono ya Dereva Mstaafu, polepole. Kwa kuwa 110 inavuta miguu yote minne muda wote, na mchangani kule nilikuwa nimefunga difu ya kati, ili ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja, nikasahau kuifungua, kushika propela moja ni kushika magurudumu yote. Gari ikasimama. Kati yangu na bajaji palikuwa na nafasi ya mtu mwembamba. Dereva wa bajaji hajajua mpaka leo.

Kulala chini nikakuta paipu ya breki ya juu ya ekseli ya nyuma imeliwa, ukiigusa inabaki unga wa kahawia kidoleni. Chumvi na mchanga vimekaa hapo mwaka na nusu vinakula taratibu, na mimi juu nafuta vumbi kwenye boneti. Sikumlaumu mtu. Nilibadilisha zote, nikaweka za shaba.

Fundi wa Mikanjuni

Nimechelewa, nilikuwa chini ya gari.

Kijana, mwenye gari hajakudanganya, amekwambia nusu. Bodi ni alumini. Chasisi ni chuma. Ukuta wa mbele unaobeba dashibodi na bawaba za milango ni chuma. Fremu za ndani ya milango ni chuma. Na pale chuma kinapokutana na alumini, ukitia unyevu wa chumvi, alumini nayo inaanza kutoa unga mweupe na kuvimba chini ya rangi. Ukiona vipele kwenye kingo za mlango, ndiyo hiyo.

Chasisi ya Land Rover ni kama sanduku refu, iko wazi ndani. Tope linaingia kupitia matundu, linakaa, linanywa unyevu. Inaoza kutokea ndani kuja nje, kwa hiyo ukitazama kwa macho utaona rangi nyeusi safi, na wauzaji wanapenda sana kupaka rangi nyeusi safi. Nimewahi kuletewa gari imezibwa kwa gamu na vipande vya gunia, juu imepigwa lami. Ilikuwa nzuri hiyo!

Usiende na tochi tu. Nenda na nyundo ndogo na bisibisi bapa. Gonga kuanzia mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Kazana sehemu hizi: boriti ya mwisho ya nyuma inayobeba ndoano ya kuvutia, mikono inayotoka pembeni ya chasisi kushika bodi, mahali springi za nyuma zinapofungwa, na sakafu ya miguuni kwa dereva (inua kapeti hata kama mwenye gari anakohoa). Pale unaposikia mfu, chomeka bisibisi.

Boriti ya nyuma inakatwa na kuungwa mpya, ni kazi ya kawaida. Mikono ya pembeni vilevile. Ila ikiwa reli yenyewe, yaani boriti ndefu ya chasisi, imeisha, hapo unanunua bodi nzuri iliyokaa juu ya mkate. Uingereza wanauza chasisi mpya zilizochovywa zinki, ukisikia bei pamoja na usafiri utarudi kwa mke wako na Toyota yake.

Ukishaipata: maji baridi chini kila ukitoka ufukweni, na oili chafu ya injini unapuliza ndani ya chasisi kabla ya masika. Itachafua uwanja wako. Vumilia.

Kijana wa Chuda

Nimetoka Pongwe sasa hivi, mikono bado ina mavi ya kuku.

Nimegonga kama ulivyosema Fundi. Mbele inalia ngo, ngo, ngo. Katikati ngo. Mikono ya pembeni, wa kushoto ngo, wa kulia hivi hivi. Boriti ya nyuma ikalia "pu", kama umegonga papai. Mwenye gari alikuwa anaongea muda wote, hapo akanyamaza. Nikachomeka bisibisi.

Fundi wa Mikanjuni

Iliingia mpaka wapi?

Kijana wa Chuda

Mpaka kwenye mpini. Ukatoka udongo mwekundu na mdudu.

Reli zote mbili lakini ni nzima, nimezigonga mpaka watoto wa jirani wamekuja kutazama. Sakafu ya dereva ina tundu, naona kuku anapita. Ameshuka mpaka milioni 6 bila mimi kusema neno.

Fundi wa Mikanjuni

Endelea kutosema neno.

Cruiser Damu

Mimi nimejaribu.

Dereva Mstaafu

Mjukuu ameniamsha kwa ajili yenu. Kijana, kirungu cha njano umekibonyeza? Kinashuka?

Kijana wa Chuda

Kimeganda babu. Nimening'inia juu yake mzima mzima hakijashuka.

Dereva Mstaafu

Kisipigwe nyundo. Fungua kapeti, tia mafuta ya taa kwenye fimbo yake inapoingilia, lala, kesho jaribu gari ikiwa inasukumwa taratibu. Na upate jiwe zuri la kuweka humo garini.