Majirani: Safari ya Kidichi, Mtoni na Maruhubi

Bi Zuhura: Jumapili nina wageni kutoka Dar, wanataka kuona majumba ya shamba ya masultani wa Zanzibar. Tuanzie Maruhubi kwa vile ndiyo karibu?

Ami Seif: Hapana, anzeni mbali mrudi mjini. Mjini pandeni daladala namba 502 mpaka Bububu. Kutoka hapo Kidichi ni kama kilomita 4 kwenda ndani, na njia inapanda. Saa 2 asubuhi inatembeleka. Saa 6 na watoto, kodini gari.

Salma: Na waambie mapema kwamba Kidichi hawatakuta kasri, watakuta hamamu, yaani nyumba ya kuogea. Wengi hufika wakaanza kuuliza "nyumba yenyewe iko wapi?"

Ami Seif: Hamamu ile mimi naiweka mbele kuliko yote. Sultani Sayyid Said aliijengesha 1850 kwa ajili ya mkewe Shahrzad, Mwajemi. Kazi iko kwenye lipu ya chokaa: ndege, maua, mitende. Mle ndani mna giza, kwa hiyo chukueni tochi na muimulike kutoka ubavuni, karibu kabisa na ukuta, nakshi zitatupa vivuli zionekane. Mkipiga picha kwa taa ya simu mkiukabili ukuta, zote zinafifia.

Juma: Maji yakichemshwa wapi?

Ami Seif: Kulikuwa na tanuri chini kwa chini. Waonesheni watoto na mahali pa kukandwa.

Bi Zuhura: Na Mtoni?

Salma: Ni magofu, lakini ndilo kasri kongwe kuliko mengine Unguja. Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa pale 1844. Piteni, msikawie.

Salma: Muda uwekeni Maruhubi. Sultani Barghash alilimaliza kasri la pale 1882, likaungua 1899. Orofa ya juu ilikuwa ya mbao, ndiyo maana leo mnakuta zile nguzo nene za mawe zimesimama bila cha kubeba. Hamamu ipo, na mahodhi ya mayungiyungi. Marmar iliibiwa zamani.

Juma: Si wangezipiga saruji zile kuta zisianguke?

Ami Seif: Weee! Saruji ndiyo inayoziua. Jiwe la matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, na chokaa huuachia unyevu utoke. Ukifunika kwa saruji, unyevu unabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya lipu, kisha lipu inabanduka na ngozi ya jiwe. Matengenezo ni chokaa na mchanga uliooshwa kwa maji yasiyo na chumvi, basi. Mchanga wa pwani usiooshwa unaleta chumvi nyingine.

Salma: Na watoto wasipande kuta. Chokaa ya juu imeshakuwa unga, mawe yamekaa tu.

Bi Zuhura: Viingilio je?

Salma: Shika taslimu, noti ndogo ndogo, maana chenji hukosekana. Dai risiti.

Ami Seif: Maruhubi fikeni alasiri maji yakiwa yamekupwa, mtembee ufukweni kwa mafundi wa majahazi. Jedwali la maji lipo kwenye simu, nitalituma Jumamosi.