"Mtumbwi ni wa mavolontia": yule mwongoza watalii wa kofia yenye unyoya leo kanidhalilisha

Binti_Ukerewe:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka na tope la kinamasi cha Mabamba bado liko kwenye viatu. Sijaoga, sijala, na chakula hakitapita kooni mpaka niyatoe haya.

Yule jamaa mnamjua. Wa kofia ya pama yenye unyoya, anayezungusha mavolontia wa kigeni kila wikendi, anayecheka kabla hajamaliza kusema. Jina silitaji. Ukishalala hosteli yoyote ya Kampala siku mbili umeshakutana naye, au umeshamsikia akija.

Leo saa moja asubuhi, pale mitumbwi inapopakia Mabamba, tuko sita: Wajerumani watatu, Mholanzi, Mkorea na mimi. Hawa ninakaa nao nyumba moja, ninafundisha nao shule moja, tunaosha sufuria kwa zamu. Jamaa anagawa majaketi okozi. La kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano. Kafika kwangu, nimeshanyoosha mikono. Akaniwekea deli. Deli la soda na maji, zito kama limebeba maiti ya kiboko. Akasema: "Dada, wewe utabaki na mizigo. Mtumbwi ni wa mavolontia."

Mtumbwi ni wa mavolontia!

Mimi ni nani sasa? Nimetoka Ukerewe, nimepanda basi Mwanza nikapita Bukoba na Mutukula mpaka huku, mwezi wa nne huu nafundisha sayansi kijijini Mpigi bila mshahara. Safari hii nimelipia hela ileile waliyolipa wenzangu, risiti ninayo. Kama huko si kujitolea, basi hilo neno lina rangi na mimi sikuambiwa.

Ngoja niwarudishe jana, maana dalili zilikuwepo, nikazipuuza.

Tulianzia Kasubi, makaburi ya Kabaka, wafalme wa Buganda. Mahali pale panatetemesha, jamani. Kabaka wanne wamelala chini ya paa moja la nyasi, Muteesa wa Kwanza, Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili, na ukiinua macho unaona zile pete 52 za kuti na nyasi, kila pete ukoo mmoja wa Buganda. Nyumba hiyo iliungua tarehe 16 Machi 2010, watu wakalia barabarani, ikajengwa upya. Yeye kaipitia kama anataja vituo vya daladala. Mlangoni watu wanavua viatu, akanigeukia: "Nnyabo," yaani mama, "wapangie viatu." Nikapanga. Nikajua ni adabu ya mahali, nami ni mgeni. Jozi sita nilizipanga, wakuu, na yake ya saba!

Mpambire kwa mafundi wa ngoma, akaniambia nishike simu za watu wakati wanapiga picha. Nikashika. Tukaenda kuona wanavyogonga nguo ya gome la mutuba. Hapo ningekaa siku nzima. Wanabandua gome, wanaufunga mti majani ya mgomba kama mgonjwa ili uote gome jingine, halafu nyundo za mbao zinaanza, ta ta ta, gome linapanuka mpaka linakuwa shuka. Kazi ya ukoo wa Ngonge, baba kwa mwana. Nimeuliza swali moja tu kwa Kiswahili, jamaa akakata: "Kiswahili sijui. Hapa hiyo ni lugha ya wezi na askari."

Sawa. Historia ya miaka ya sabini, ya askari wa Idi Amin na Kiswahili chao, naijua, sikuchukia. Lakini shikeni hapo, kwamba Kiswahili hajui.

Sasa rudini Mabamba. Ile sentensi ya "Dada, wewe utabaki na mizigo, mtumbwi ni wa mavolontia" ilitoka kwa lugha gani? KISWAHILI. Kiswahili safi, cha kunyooka, ungedhani kasomea Zanzibar. Siku nzima ya jana hajui hata "asante", leo lugha imemjia kama mvua ya masika kwa sababu ya kunikabidhi deli!

Nikabaki nimeduwaa. Mtumbwi ukasukumwa, ukaingia kwenye mafunjo, ukapotea. Kwa muda wa saa mbili na nusu nimekaa juu ya deli. Wenzangu wamemwona korongo nyangumi, yule ndege wa mdomo kama kiatu cha askari, amesimama hatua kumi kutoka kwao hatingishiki, kisha kadumbukia na kutoka na samaki, kamongo. Mimi nimeona mbuzi.

Na hili ndilo limeniliza. Mkorea ameniuliza kwa upole kwenye gari, "Bado unaogopa maji?" Kumbe aliwaambia NAOGOPA MAJI. Mimi! Niliyezaliwa kisiwani, niliyepiga kasia kabla sijajua kufunga vifungo vya sare! Ukerewe mzima ungesikia hilo ziwa lingechafuka.

Deli. Mikononi. Mbele za watu.

Mzee_wa_Mutukula: Nimevuta kigoda. Endelea.

Dereva_Busia: Pole sana dada. Ila mbona hukuliweka hilo deli chini ukapanda? Mtu anakupa mzigo, nawe unaupakata kama mtoto?

Binti_Ukerewe: Mkuu, ulikuwa hujafikwa. Ukitukanwa kwa lugha ya mama yako, na mtu aliyekuapia kwamba haijui, ulimi unakufa. Nilipozinduka mtumbwi uko mita hamsini.

Dereva_Busia: Mita hamsini kwa mtu wa Ukerewe si ungeogelea.

Mama_Nsenene: 😂😂😂 Huyu Busia ana roho mbaya. Bannange, pole nnyabo. Huyo mtu tunamjua na kofia yake. Dada yangu aliandamana naye Jinja, akaahidiwa maporomoko ya Ripon, yale aliyoyaona Speke, yule mvumbuzi Mwingereza, 1862. Wamelipa boti, wamefika, maji yametulia kama uji. Wakauliza, maporomoko yako wapi? Akasema "yako chini." Yamezama tangu bwawa lilipojengwa, 1954! Watu wamelipia kuona kitu kilichozama kabla mama zao hawajaolewa.

Mwalimu_Kasese: Sisi tuliokulia Arusha kidogo tunajua kule waongoza watalii huitwa "gaidi". Kwa huyu jina limempata mwenyewe.

Binti_Ukerewe: Asante mwalimu. Gaidi kabisa. Halafu nimesahau kitu. Jana jioni tulipita Kayabwe, kwenye mstari wa Ikweta. Kuna yale mabeseni matatu: kaskazini maji yanazunguka upande huu, kusini upande ule, katikati yanashuka wima. Jamaa anaeleza kwamba ni dunia inayozungusha. Mimi ni mwalimu wa sayansi, sikuweza kunyamaza. Nikawaambia wenzangu taratibu kwamba ile nguvu ni ya kuzungusha vimbunga, kwenye beseni haifui dafu, na hatua chache kutoka mstarini ni kama haipo. Kinachozungusha ni mkono wa anayemimina. Akaniangalia, akaniambia "waachie waliosoma."

Mzee_wa_Mutukula: Aaaa! Basi kumbe kisa hiki hapa. Umemharibia biashara jioni, asubuhi umepewa deli. Uzi ufungwe.

Mpiga_Beseni: Mimi napinga. Nimekwenda Kayabwe mara tatu na maji yanazunguka kweli. Nimeona kwa macho yangu, hata ua walilotia juu linazunguka.

Mwalimu_Kasese: Kuzunguka yanazunguka, ndugu yangu. Swali ni nani kayazungusha. Siku nyingine waombe wakuachie umimine mwenyewe, na uyaache yatulie nusu saa kabla ya kutoa kizibo.

Mpiga_Beseni: Nusu saa kwenye jua la Masaka barabarani? Kwa ajili ya beseni? Hiyo sayansi yenu ina njaa.

Kijana_wa_Bombo: Mimi limenichoma la Kiswahili. Mnajua Katiba ya Uganda ilirekebishwa 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari? Sisi Bombo tunakisema toka mababu. Nikipanda takisi, daladala zetu za Kampala, nikipokea simu tu, kina mama wanakumbatia mikoba. Nimezaliwa hapa! Juzi mmoja kashuka kabla ya kituo chake.

Mama_Nsenene: Labda ni hiyo sauti yako, mukwano.

Kijana_wa_Bombo: Sauti yangu ina nini?

Mkongo_wa_Nakivale: Dada pole sana, hayo nayajua. Mimi natafsiria mavolontia huku kambi ya wakimbizi mwaka wa pili, na mimi najitolea, silipwi. Siku ya kupiga picha ya kikundi naambiwa "wewe shika kamera." Picha zote za kazi yangu mimi simo. Nikimwonyesha mama yangu anauliza, sasa wewe ulikuwa wapi?

Binti_Ukerewe: Ndugu yangu wa Nakivale, umenielewa. Wengine wanacheka, wewe umenielewa. Hata ukija na barua, na risiti, na fulana ya kikundi, ukiwa na sura hii unakabidhiwa deli. Na aliyenikabidhi ana sura kama yangu! Angekuwa mgeni ningesema hajui.

Dereva_Busia: Fulana ulikuwa umeivaa?

Binti_Ukerewe: NILIIVAA. Imeandikwa mgongoni kwa herufi kubwa kama mlango wa duka!

Dereva_Busia: Basi hapo nimenyamaza. Hapo kakosa kweli.

Mjomba_Kabalagala: Mnalia kuhusu deli, mimi nilichajiwa bei ya mgeni kwenye geti la hifadhi na kitambulisho cha Kenya kiko mkononi. Namwambia mimi ni Mwana Afrika Mashariki, kuna bei yetu imeandikwa ubaoni hapo. Ananijibu kitambulisho kinaonekana kipya sana. Kipya! Ningeenda nikakichakaze kwanza?

Mzee_wa_Mutukula: Huyo naye angepewa deli tu.

Fundi_Simu_Wandegeya: Wenzangu, huyo ndege mnayemsema mnamsifu sana. Wavuvi wa zamani Mabamba walikuwa wakimwona asubuhi wanarudi nyumbani, walisema ni mkosi, hutapata samaki siku hiyo. Walikuwa wanawaua. Siku hizi wameacha kwa sababu ndege ndiye anayeleta wageni na wao ndio wanaosukuma mitumbwi. Pengine dada umeepushwa na mkosi.

Binti_Ukerewe: Mkuu, mkosi wangu una kofia yenye unyoya.

Mama_Nsenene: Huyo ndege sisi tunamwita bbulwe. Hasogei huyo! Mume wangu alimtazama dakika arobaini, akaanza kudai ni sanamu imewekwa na serikali.

Shemeji_wa_Masaka: Mmetaja kamongo, nami nina langu. Nimeoa Buganda. Siku ya kwanza ukweni mama mkwe ananiambia kwa heshima zote, "Sisi nyumba hii hatuli mmamba." Mimi wa Pangani najua mamba ni nini! Nikashtuka, nikajibu, "Mama, hata kwetu hatuli, na yeye ndiye anatula." Nyumba ikanyamaza kama msibani.

Mwalimu_Kasese: 😂😂😂😂 Mmamba kwa Kiganda ndiye kamongo! Ni ukoo wao, ndiye mwiko wao. Wewe umewaambia babu yao wa ukoo anakula watu.

Shemeji_wa_Masaka: Ndiyo nimeelezwa miezi sita baadaye. Mahari ikapanda mbuzi wawili.

Kijana_wa_Bombo: Nimeanguka kwenye kiti.

Binti_Ukerewe: Jamani, deli langu. Nataka mnishauri, niende kwa aliyetuuzia safari nidai hela yangu, au nimfuate mwenyewe hosteli? Jumamosi atakuwepo tena na kundi jingine.

Mkongo_wa_Nakivale: Nenda na risiti, dada. Na uende na Mkorea akawe shahidi, aliambiwa uongo kwa masikio yake.

Mpiga_Beseni: Mbuzi wawili kwa neno moja? Shemeji, ulikubali?

Shemeji_wa_Masaka: Ningefanyaje? Mke nilimpenda. Na nikuambie, mmoja alikuwa beberu mkubwa, nilimtoa Lyantonde kwa lori.

Fundi_Simu_Wandegeya: Ambaye si wa ukoo huo asinyimwe utamu. Kamongo aliyekaushwa kwa moshi, ukamweka kwenye binyebwa, mchuzi wa karanga, na matoke pembeni, unasahau deni.

Mjomba_Kabalagala: Kampala anapatikana wapi sasa hivi?

Mama_Nsenene: Ggaba, pale ufukweni. Nenda asubuhi. Ukienda mchana unaachiwa vichwa.

Binti_Ukerewe: Bado nazungumzia deli, wakuu.

Dereva_Busia: Tumekusikia dada, Jumamosi tupo. Mama Nsenene, mmoja mzima ni bei gani?