Zawadi za kujitengenezea (sabuni, skrabu, mafuta ya kujipaka): tupeane uzoefu, yaliyofana na yaliyokutia aibu

MamaWaSakina (mtoa mada)

Habari za jioni wadau. Desemba ndo hiyo inakuja, watu tunapanda Moshi, na mi kila Januari narudi Arusha mfuko umetoboka kwa sababu ya zawadi, maana ukimpelekea shangazi kitenge lazima na wifi yake apate, ukimpa huyu yule ananuna. Mwaka juzi nkasema basi natengeneza mwenyewe. Nilikuwa nimeona video za yale madonge ya kuogea yanayochemka ukiyatupia kwenye maji, nkatafuta bekingi soda na ile asidi ya unga ya kutengenezea juisi, vipimo viwili vya soda kwa kimoja cha asidi, mafuta ya nazi kidogo, rangi ya keki, nkafinyanga kama kababu. Madonge 30. Jamani yalipendeza, nkayafunga na riboni.

Nafika Kibosho nagawa, shangazi ananiuliza "haya mwanangu yanatumikaje?" Nkaanza kueleza, unajaza maji kwenye lile beseni kubwa la kulala la bafuni... nkajisikia mwenyewe ninachoongea. Ukoo mzima hakuna mwenye bafu la kulala, watu wanaoga kwa ndoo na kopo. Shangazi kwa ustaarabu wake akasema tu "aika mwanangu" (yaani asante). Kesho yake asubuhi namkuta mjomba uani ametumbukiza moja kwenye ndoo yake ya maji ya kuoga, limechemka weee likaisha, maji yote yamekuwa pinki, na yeye amesimama na taulo begani anaiangalia ndoo kama kuna kitu kingine kinakuja.

Kwa hiyo naomba tupeane uzoefu. Ulitengeneza nini, ulimpa nani, na je alikitumia mpaka kikaisha au uliikuta zawadi yako kabatini baada ya miaka miwili? Na walioharibikiwa msione aibu, mi nimeshaanza.

Chalii_wa_Unga

Mjomba na taulo begani 😂😂 mbavu zangu mie.

Mi langu fupi. Mke wangu anapenda skrabu, nkachukua masalia ya kahawa (hatutupi kitu hapa nyumbani), sukari ya brauni, mafuta ya nazi, nkajaza kwenye chupa ya jemu. Alifurahi kweli. Wiki tatu baadae maji ya bafuni hayaendi, fundi bomba akatoa uji mweusi kwenye ile kona ya bomba, akaninusia, akaniuliza "braza hapa mnauza kahawa?" Mafuta ya nazi na baridi hii ya Arusha ya mwezi wa sita na wa saba yanagandia humo ndani yakishikana na kahawa. Siku hizi natumia sukari tupu, sukari inayeyuka na maji inaenda zake.

Dada_Kiborloni

Ngoja niwape la sabuni, na hili msome wote hasa mnaoanza.

Nilikuwa nataka kutoa sabuni kwenye send-off ya mdogo wangu, kila mgeni wa kike kipande kimoja. Nkanunua kostiki soda, nina mizani, nimeangalia vipimo, nimevaa glovu, najiona profesa. Najua kwamba kostiki ndo inamwagwa kwenye maji na sio maji juu ya kostiki, maana ukigeuza inalipuka inakurukia usoni. Hilo nililijua. Nisilolijua ni chombo. Nkakoroga kwenye sufuria yetu ya kawaida ya kupikia wali. Wenzangu sufuria zetu nyingi ni za alumini! Kostiki inakula alumini. Ilianza kuchemka na kufoka, sufuria imegeuka nyeusi, mvuke unanikaba, nkaitoa nje mbio huku inanirukia mkononi. Baadae mtu aliyesomea kemia ananiambia ile gesi ni haidrojeni na inashika moto, na mi jiko la mkaa lilikuwa linawaka hatua mbili kutoka pale. Nimekaa nikanyamaza.

Mkononi jirani akaja na siki anataka kunipaka eti inaua ukali. Nashukuru kuna mpangaji mwenzetu ni nesi, akafoka achana na siki, akaniweka mkono chini ya bomba nakaa hapo kama dakika 20 maji yanatiririka tu. Kovu ninalo dogo. Sufuria ilitoboka, ya mama hiyo.

Sasa hivi natumia ndoo ngumu ya plastiki na mwiko wa plastiki, au chuma kisichoshika kutu. Vipimo vyangu ambavyo havijaniangusha: mafuta ya nazi gramu 300, ya alizeti gramu 200, kostiki gramu 77, maji gramu 190. PIMENI KWA MIZANI, sio kwa kikombe, na maji pia. Na ukibadilisha mafuta lazima na kostiki ibadilike, kila mafuta yana kiasi chake, nazi inakula kostiki nyingi kuliko alizeti. Ya nazi tupu inatoa povu zuri lakini inakausha ngozi, ndo maana nachanganya. Unakoroga mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto, ukiinua mwiko ile inayodondoka inaacha alama juu, unamwaga kwenye boksi la maziwa. Kesho au keshokutwa unakata. Halafu ndo kazi ngumu: unaiacha wiki 4 mpaka 6 ikauke. Send-off ilikuwa imebaki wiki mbili. Nkagawa pipi.

Mtumiaji_tu

Samahani mi naongea kama mpokeaji. Mtu akiniletea sabuni zawadi cha kwanza nawaza kwani nanuka?

Dada_Kiborloni

@Mtumiaji_tu 😂😂 ndo maana mi naiweka pamoja na dodoki. Au unakata dodoki lenyewe vipande, unamimina sabuni humo humo ikagandie ndani, mtu anaona ni kitu cha urembo hawazi sana.

WifiWaMachame

Mi sio wa huku, kwetu Singida, nimeolewa Machame. Sasa kwetu alizeti ndo kwenyewe, nikienda likizo narudi na dumu, kwa hiyo sabuni zangu nazitengenezea mafuta ya nyumbani na mkwe wangu anazipenda. Ila mara ya kwanza ndo ilikuwa kasheshe.

Nilikuwa nataka kuzifunga kiasili, sio makaratasi. Nkaona pale kwenye uzio wa shamba kuna majani marefu ya kijani yanang'aa, mazuri, nkakata nkafunga kila sabuni na jani nkapiga fundo juu. Nampelekea mama mkwe kwa mikono miwili. Mama hakupokea. Aliangalia ile sabuni, akaniangalia mimi, akamwangalia mume wangu, akamuita baba. Baba akaja akakaa. Kimya. Halafu mama akauliza taratibu, "Mmekosea nini?"

Kumbe ni isale! Jani la kuombea msamaha kwa Wachaga, ukimkosea mtu kosa kubwa unamwendea na isale lenye fundo, na ukiletewa huwezi kukataa kusamehe. Mi nimeleta masale SABA. Walifikiri mwana wao kaua mtu. Mume wangu kazaliwa kakulia Arusha mjini, kasimama anang'aa macho tu, na yeye hajui. Ilibidi shemeji atoke jikoni aeleze kwamba huyu binti hajui mila anafunga sabuni tu, wakacheka mpaka baba akajifuta machozi na kofia.

Siku hizi nafungia jani la mgomba lililokauka, unalilainisha na maji kidogo linakunjika kama karatasi, unafunga na uzi wa huo huo mgomba. Bure, na shambani yamejaa. Ila masaa yote nikipiga simu mama mkwe ananiuliza "leo hamjakosea kitu?"

MzeeWaMizinga

Nimecheka hadi wajukuu wamekuja kuniangalia. Binti umetubu dhambi za ukoo mzima kwa miaka kumi ijayo.

Mimi nafuga nyuki huku juu ya Usa River. Nta zamani nilikuwa naitupa, siku hizi ndo zawadi yangu. Dawa ya magaga. Nta sehemu moja, mafuta ya alizeti au ya parachichi sehemu nne, unaweka kwenye bakuli, bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiweke nta moja kwa moja kwenye moto inashika. Nta inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, maji ya moto yanatosha kabisa. Ikiyeyuka unamwaga kwenye vikopo, imekwisha. Hakuna maji ndani yake kwa hiyo haiozi, na nta inavumilia joto.

Nasema hivyo kwa sababu binti yangu mwezi wa pili alitengeneza yale mafuta ya shea ya kupiga na mashine mpaka yanafura kama malai, akamtumia rafiki yake Moshi mjini kwa basi. Huku kwetu yalisimama vizuri. Moshi mnajua joto lake mwezi wa pili. Yamefika ni uji, yamemwagika kwenye begi lote pamoja na vitabu vya watu. Nilimwambia ungeweka nta hata kidogo, akasema inaharibu ulaini. Haya.

Wanaopokea magaga yangu ni wazee wenzangu, wanaume. Hakuna mwanaume atakayekwambia miguu yake imepasuka, ila ukimwachia kopo mezani bila kusema kitu, ukirudi utakuta nusu.

Neema_ya_Njiro

La kwangu ni mshubiri. Nilisaga ule utomvu wa mshubiri mbichi, nkachanganya na mafuta ya nazi na matone ya mchaichai, nkajaza chupa 12 za kitchen party ya rafiki yangu. Siku ile yalinukia jamani! Siku ya tisa bi harusi mtarajiwa ananitumia picha, juu kuna manyoya ya kijani kama mkate wa wiki jana. Chupa zote 12. Nkaanza kuwapigia wageni mmoja mmoja tupa, tupa, usipake.

Kitu chochote chenye maji, utomvu, maziwa au matunda bila kihifadhi kinaoza tu, hata ukiweka chupa nzuri vipi, na karafuu au mwarobaini sio kihifadhi cha kutegemea. Kama huna kihifadhi baki kwenye vitu vikavu na mafuta matupu. Na hata skrabu mwambie mtu asichovye mkono wenye maji, atumie kijiko.

Na la pili, viungo vya jikoni. Nilipaka usoni sukari na ndimu nkatoka juani kwenda Soko la Kilombero, kesho yake nina mabaka mekundu na baadae yakawa meusi miezi. Ndimu na jua havipatani kwenye ngozi. Mdalasini na mafuta ya karafuu pia yanaunguza ukizidisha, jaribu kwanza kwenye kiwiko usubiri siku nzima kabla hujampa mtoto wa mtu.

Chalii_wa_Unga

Swali kwa wakubwa, wife anataka aanze kuuza. Tunaanzia wapi?

Dada_Kiborloni

Zawadi na biashara ni vitu viwili. Ukiuza vipodozi unatakiwa upite TBS (shirika la viwango), zamani ilikuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) ila tangu 2019 vipodozi vilihamia TBS. Nenda SIDO (shirika la viwanda vidogo) kwanza wanafundisha sabuni na watakuelekeza, usianze na kuchapa lebo. Na asifanye nilichofanya mimi na sufuria.

Mtumiaji_tu

Basi mi naomba hayo magaga ya mzee, hayaniulizi kama nanuka.

MamaWaSakina (mtoa mada)

Asanteni mno, nimesoma yote na chai imepoa. Sabuni mwaka huu nimeshachelewa na hizo wiki sita, na mi mwenyewe nina watoto wadogo wanaogusa kila kitu, kostiki ndani ya nyumba hapana. Nimeamua magaga ya MzeeWaMizinga kwa wote, wake kwa waume (mzee nakuja inbox kwa ajili ya nta), na kwa shangazi naongeza chumvi ya mawe na mchaichai uliokaushwa, aweke kwenye beseni la maji ya moto aloweke miguu jioni akitoka shamba. Beseni analo, nimelihesabu. Nitafungia majani ya mgomba na uzio nitapita mbali.

Ila leo nimempigia mjomba kumsalimia, tumeongea mvua, tumeongea ndizi, kabla ya kukata akashusha sauti akaniuliza lile la pinki mwaka huu lipo?

Nimeshanunua bekingi soda. Moja tu, lake.